Jiwe Chini ya Gunia

Afande Enos wa trafiki alivuta suruali yake kidogo magotini, akakaa juu ya jiwe lile lile alilokuwa akilitafuta, kisha akaagiza chai.

Nafuna akammiminia. Chai ikamwagikia nje ya kikombe, akaomba radhi na kufuta meza kwa pindo la leso yake. Afande hakuona lolote. Macho yake yalikuwa nje ya mwavuli, kwenye safu ya mawe ya zege yaliyopakwa kijani na nyeupe. Jiji lilikuwa limeyapanga ukingoni mwa njia ya baiskeli mwaka jana tu, pale Nabuyonga mjini Mbale, ili malori yakae kwao na baiskeli zikae kwao. Alikuwa akiyahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na tatu," alisema. "Mkandarasi anasema aliweka kumi na nne. Hapa mbele yako iko shimo. Jiwe imeenda wapi, nyabo?"

"Sijui, afande."

"Jiwe ya kubebwa na wanaume wanne. Haina miguu."

"Labda walichukua watu wa vyuma chakavu."

"Zege? Hao siku hizi wanakula zege?" Afande alicheka, akanywa chai, akajikuna paja. Gunia lililofunika jiwe lilikuwa la katani na linawasha. "Lakini kiti chako ni kizuri. Kigumu, lakini kizuri."

Nafuna naye akacheka, kicheko cha kijinga kabisa, cha mtu ambaye hana pa kukimbilia. Gunia lile alikuwa amelifunga mwenyewe Jumatatu jioni, akalizungushia kamba mara tatu na kukaza mafundo kwa meno. Tangu utotoni hakupenda Kiswahili kinachotoka kwenye kinywa cha mtu mwenye sare. Mama yake, siku za wanajeshi, alikuwa akisikia "fungua mlango" kwa lugha hiyo anajificha uvunguni, na woga ule ameurithi.

"Haya, tuache jiwe," Afande aliendelea. "Watu wa stegi ya baiskeli wote wanasema dereva wa lori alikuwa na simu sikioni. Wewe ulikuwa karibu kuliko wao. Uliona simu?"

"Nilikuwa natazama karai, afande."

"Karai." Aliandika neno hilo daftarini, akalipigia mstari. "Kesho saa nne nitarudi. Injinia wa Jinja anakuja kuangalia hii njia, na mimi nataka maelezo yako. Fikiria vizuri, nyabo. Mtu aliyegongwa ni bwana yako, si wangu."

Alishukuru kwa chai, akaondoka. Kwenye gunia kukabaki alama ya makalio yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, na Nafuna aliyajua kuliko mtu yeyote. Jumatatu asubuhi, mnamo saa moja na nusu, mumewe Wabwire alikuwa akitoka Nakaloke na baiskeli yake ya abiria, kiti cha nyuma kitupu. Kibanda cha Nafuna kilikuwa kimeketi katikati ya njia ya baiskeli: meza, sigiri, karai la muhogo, mwavuli, na jiwe la wateja kukalia. Wauza nyanya walikuwa na turubai zao mbele yake. Nani angekataa? Njia ni safi, mvua ikinyesha haina tope, kama vile jiji limewasakafia sebule. Kwa hiyo kila baiskeli ikifika pale ilitoka kwenye pengo la jiwe lililokosekana, ikazunguka kibanda kwa upande wa malori, ikarudi ndani safu ya mawe inapoishia. Wabwire alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Alipiga kengele mara mbili, Nafuna akainua upawa kumjibu. Jumatatu alipiga mara mbili, Nafuna akainua upawa, Wabwire akageuza shingo kumtabasamia, na lori la mahindi lililokuwa linarudi Kenya likamzoa ubavuni.

Simu haikuwepo. Nafuna aliona mikono yote miwili ya dereva juu ya usukani, na mdomo wake uko wazi.

*

Hospitalini Wabwire alikuwa amelazwa chali, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba na uzito. Pembeni alisimama Hamuza, mwenyekiti wa stegi ya baiskeli, na kichane cha ndizi mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Afande amekuja tena?" Wabwire aliuliza.

"Amekuja. Amekunywa chai, amelikalia."

"Amekalia jiwe?" Wabwire alitaka kucheka, maumivu yakamkata katikati. "Banange! Na hakujua?"

"Usicheke, Baba Ritah. Mimi nimekufa pale pale."

Hamuza aliziweka ndizi kitandani. "Mama Ritah, nisikilize. Sisi tumesema simu. Watu kumi na mmoja tumesema simu na tumeweka dole gumba. Wewe ukisema kingine, sisi sote ni waongo mbele ya serikali."

"Lakini hakuwa na simu, Hamuza."

"Ni Mkenya huyo. Kampuni yake iko na bima. Watalipia mguu wa mwenzetu, yeye atarudi kwao, basi."

"Na wakimfunga?"

Hamuza alizitazama ndizi zake. 

"Lile jiwe nilikuletea mimi," Wabwire alisema polepole. "Umesahau? Nilisema wateja wako wanakula wamesimama kama wafungwa. Tukaling'oa na mtaimbo, sisi wa stegi. Hamuza kona moja, Gaster kona moja, Trevor kona moja, mimi ya nne. Tulikuwa tunaimba."

Hakusahau. Angesahau vipi? Siku ile alicheka mpaka akashika mbavu, na aliwatembezea chai ya bure wote wanne, kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kumletea kiti. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba wanang'oa kitu cha maana. Jiwe ni jiwe. Na pengo lilipobaki, wakaona limewafungulia mlango.

"Wakijua, watanishtaki kwa kuharibu mali ya jiji na mguu ukiwa hewani hivi," Wabwire alisema. "Na kibanda kitakwenda. Ritah atakula nini?"

Nafuna alimenya ndizi moja, akamlisha. Kuna jambo jingine hakumwambia. Asubuhi ile daktari alimwita kando ya dirisha akamwambia kwamba mguu utapona wa kutembea, tena kwa fimbo, lakini wa kukanyaga pedali asiutegemee. Nafuna aliitikia "ndiyo, daktari," kana kwamba ameagizwa chumvi. 

Alipotoka getini simu ililia. Alikuwa mdogo wake Jovia, aliyeolewa Budondo, anayepeleka mboga sokoni Jinja kila alfajiri juu ya baiskeli.

"Dada, huyo shemeji anaendeleaje?"

"Yuko."

"Pole, bambi. Sasa niambie kitu. Huku wameanza kusema njia ya baiskeli ni kazi bure. Wanasema hata Mbale kuna mawe, na mtu wenu amegongwa ndani ya mawe. Ni kweli alikuwa ndani?"

Nafuna alisimama. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Dada? Unajua mwezi jana lori lilinitupa kwenye mtaro na mboga zangu zote za dodo. Nilitoka na tope mpaka kwenye meno. Tumesaini barua, tumeomba, ndiyo huyo injinia anakuja kwenu kesho. Alikuwa ndani?"

"Mtandao ni mbaya, Jovia," alisema Nafuna, na mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

*

Mchana ule alikuja kibandani mwanamke asiyemjua, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi, mkononi bakuli lililofungwa kitambaa.

"Mulembe," alisalimu.

"Mulembe, dada. Karibu." Lugha ya ng'ambo ya mpaka na ya huku ni ndugu, na Nafuna alifurahi kusikia salamu ya kwao. Kabla hajasema zaidi, mgeni alikuwa amekwisha keti juu ya gunia.

"Nipee chai ya rangi tu. Naitwa Christine. Nimetoka Bungoma asubuhi. Bwana yangu Wanyama ako hapo kituoni, leo siku ya tatu. Ndiye dereva wa ile lori."

Upawa ulimponyoka Nafuna ukaingia kwenye majivu. Aliuokota, akaufuta, akaufuta tena.

"Wanasema alikuwa anaongea kwa simu," Christine aliendelea, akafungua mkoba na kutoa simu iliyopasuka kioo. "Simu yake ndiyo hii. Aliniachia Jumapili nimpelekee kwa fundi. Niliwaonyesha hapo kituoni, wakasema labda alikuwa na ingine. Ati mashahidi ni kumi na mmoja. Sasa mimi na hii kioo yangu nitashindana na watu kumi na mmoja?"

Nafuna aliweka chai mezani bila kumtazama.

"Dada, wewe unauza hapa kila siku. Uliona?"

Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa hapana Afande, hapana Hamuza, ni wanawake wawili tu na karai la muhogo. Nafuna alifungua mdomo na mdomo ukamsaliti.

"Kulikuwa na vumbi," alisema.

"Sawa." Christine alikunywa chai yake kidogo kidogo. "Na yule mtu wa baiskeli ako aje? Nilitaka nimpeleke pole, lakini naogopa watu wake watanipiga."

"Anaendelea."

"Mungu amsaidie. Ako na bibi?"

"Yuko."

"Ukimwona mwambie pole sana. Mwambie bwana yangu halali, analia tu huko ndani. Ati aliona uso wake akitabasamu."

Alipotoa pesa Nafuna alizikataa. Alisukuma ule mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Christine akadhani ni ukarimu, akamshika bega na kumwombea baraka kwa sauti, wateja wakisikia: Mungu azidishe biashara yako, dada, Mungu akulindie bwana yako. Nafuna aliinamisha kichwa akapokea baraka zote, na aibu aliyoisikia hajawahi kuisikia hata siku aliyofumaniwa na deni dukani mbele ya mchungaji.

*

Kesho yake saa nne watu walikuwa wamejaa. Watu wa stegi wote walikuja wamevaa mashati safi. Injinia kutoka Jinja alikuwa mama mmoja mrefu, Bi Ketty, mwenye kofia ngumu na buti, na pamoja naye mwendesha baiskeli mzee wa Jinja aitwaye Eriya, ambaye fulana yake ya kung'aa ilimfika magotini. Afande Enos alikuja mwisho, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake alichokizoea, akakaa.

"Nielezeni," alisema Bi Ketty. "Huyo mtu alikuwa wapi? Ndani ya njia au nje?"

"Ndani, madamu," alijibu Hamuza. "Ndani kabisa. Lori imepanda ikamfuata huko huko."

"Na mawe yapo?"

"Mawe yapo, si unayaona. Hilo moja limeibwa baada ya ajali."

Bi Ketty alipiga picha, akatikisa kichwa. "Basi kwa Jinja nitaandika kwamba mawe hayasaidii. Ni gharama, na mtu amegongwa ndani yake. Tutachora mstari wa rangi, au tuache kabisa."

"Madamu," mzee Eriya alisema, "mstari hauzuii lori."

"Jiwe nalo halikuzuia, mzee. Umesikia kwa masikio yako."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena.  Alikuwa amesafiri toka Jinja na tumaini lake, na mbele yake wenzake wa kazi moja walikuwa wanalizika. Gaster alitazama viatu vyake. Trevor alijifanya anapanga mnyororo wa baiskeli.

Nafuna aliepua karai. Lilikuwa na mafuta ya moto, na hata mtu akiwa anakwenda kunyongwa haachi mafuta ya moto jikoni. Aliliweka chini vizuri, akachukua kisu cha muhogo, akasimama mbele ya Afande.

"Afande, inuka."

"Chai yangu bado—"

"Inuka, afande. Umelikalia."

Afande aliona kisu, akainuka upesi kuliko heshima yake ilivyoruhusu. Nafuna akainama, akakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavuta gunia. Kijani na nyeupe vikatoka juani, safi, kama siku vilipopakwa.

Hamuza alisema kitu kwa Luganda, kifupi, kisichofaa kuandikwa.

"Hakuwa ndani," Nafuna alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mume wangu hakuwa ndani ya njia. Alitoka pale penye shimo kunizunguka mimi. Mimi ndiye niliyekaa ndani. Jiwe hili lingekuwa mahali pake na mimi ningekuwa mahali pangu, leo angekuwa anabeba abiria. Na dereva hakuwa na simu. Nilimwona, mikono yote miwili."

Kondakta mmoja akapiga mbinja na kusema, "Afande alikuwa anaatamia ushahidi!" Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana Afande Enos alikuwa mtu mpole mpaka uso wake ulipochekwa.

"Mara mbili!" alifoka. "Afisa mzima nimekaa hapa mara mbili, unanimiminia chai! Nani alileta hii jiwe?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Peke yako!" Afande aliweka mikono kiunoni. "Haya. Kama ulileta peke yako, rudisha peke yako. Beba. Watu waone."

"Afande," Bi Ketty alianza.

"Hapana, madamu. Abebe."

Nafuna alifunga leso kiunoni, akachuchumaa, akaingiza vidole chini ya zege. Akavuta. Jiwe halikutikisika. Wenye simu walikuwa wamekwisha ziinua, na mwanamke mmoja wa nyanya, jirani yake wa kila siku, alikuwa anacheka huku amejifunika mdomo. Akavuta tena. Ngozi ya kiganja ikachubuka, akasikia moto wake, akavuta mara ya tatu, jiwe likasogea upana wa kidole na kurudi. Machozi yalimtoka na hakujali nani anayaona.

Mtu akachuchumaa upande wa pili. Alikuwa Gaster. Hakumtazama Afande. Alishika kona yake, ile ile aliyoishika siku ile, vidole vyake vikaenda chini ya jiwe bila kutafuta. Trevor aliangusha mnyororo, akaja. Hamuza alibaki peke yake amesimama, akamtazama Afande, akawatazama watu wake, akatema mate pembeni.

"Mungu anisamehe na dole gumba langu," alisema, akaja akashika.

Kona tatu zikawa na wenyewe. Afande aliacha kufoka. Aliwatazama wanaume watatu walioinama, kila mmoja akijua mahali pake bila kuambiwa, na ya nne iko tupu, na hakuhitaji kumwuliza mtu yeyote mwenye kona ile yuko wapi. Alifungua daftari, akalifunga.

Nafuna alizunguka akashika kona ya Wabwire.

"Moja, mbili," alisema Hamuza, na jiwe likapanda. Zilikuwa hatua nane. Nafuna alidhani mikono itakatika. Trevor alikuwa anapumua kama ng'ombe, mafuta ya karai yalikuwa yanapoa, lori moja lilipita likapunguza mwendo kuwaangalia. Walilishusha shimoni, likakaa. Mzee Eriya alikuja akaweka mguu juu yake, akalisukuma kwa nguvu zake zote, na halikucheza.

"Piga picha na hii, madamu," alisema.

Bi Ketty alipiga. Kisha akaja kwa Nafuna na kusema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba radhi, kwamba meza nayo iondoke kwenye njia.

"Leo?"

"Sasa, mama. Na wale wa nyanya pia."

"Na nyinyi watu wa simu," Afande aliwaambia watu wa stegi, "saa nane wote kituoni. Kila mtu aandike upya. Na jina la kona ya nne nalo liandikwe." Alivaa kofia yake, akaondoka bila kulipa chai. Wauza nyanya walikunja turubai zao wakimtukana Nafuna kwa zamu, na yule aliyekuwa anacheka alimtukana kuliko wote.

*

Habari zilifika hospitalini kabla yake. Wabwire alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Umeniuza," alisema.

"Nilisema ni mimi."

"Nani aliamini?"

"Hakuna."

 Nafuna alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono amefumba mapajani. Alimweleza kwamba dereva ameachiwa kwa dhamana, na kwamba mke wake alipita pale alipokuwa anakusanya vyombo. Christine alikuwa amekwisha ambiwa Nafuna ni mke wa nani. Alisimama, akamtazama. Kisha akahesabu shilingi za ile chai ya jana, akaziweka juu ya meza iliyopinduliwa, akaenda zake.

"Na Jovia?"

"Amepiga. Injinia amewaambia wataweka mawe. Anasema amelia."

Wabwire aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Ritah. Kona yangu alishika nani?"

Nafuna alifumbua mikono, akamwonyesha. Viganja vilikuwa vimechubuka toka mwanzo wa vidole mpaka karibu na kifundo, na ndani ya michubuko rangi ya kijani ilikuwa bado haijatoka. Wabwire alikishika kimoja, akakitazama kama mtu anayesoma barua.

"Gaster alishusha upande wake mapema?"

"Alishusha mapema."

"Siku zote. Siku zote huyo." Alitaka kucheka, safari hii maumivu yakamwachia kidogo. "Lakini limekaa sawa?"

"Limekaa. Mzee mmoja wa Jinja amelisukuma, halichezi."

"Basi vizuri. Nikitoka hapa sitakuzunguka tena. Nitapita moja kwa moja, mimi na abiria wangu, na wewe utakuwa umekaa ng'ambo huko. Kengele nitapiga hivyo hivyo, mara mbili. Utaisikia toka ng'ambo?"

Mguu ulikuwa unaning'inia pale pale kati yao, na kamba yake na uzito wake. Daktari alipita kwenye ujia, akamtazama Nafuna kupitia mlango, akasita kama mtu anayeuliza, akaendelea.

"Nitaisikia," alisema Nafuna, akarudisha mkono wake mapajani.